Mabati Matano

Mzee Nzunda, shikamoo.
Karatasi yako niliikuta chini ya mlango Jumapili,
natoka kanisani, viatu mkononi
kwa tope la huku kwetu Mabatini.
Umeandika kwa kalamu nyekundu:
kuanzia Januari, chumba ni elfu sabini,
si arobaini na tano tena,
na miezi sita mbele, taslimu,
"kwa kuwa nyumba imeboreshwa."

Neno hilo la mwisho nilimsomea Atuganile wa chumba cha pili.
Alicheka hadi mtoto akaamka mgongoni.

Imeboreshwa.

Mwaka juzi, Machi, ilinyesha siku tisa.
Mlima Loleza haukuonekana, ungedhani umehamishwa.
Tulipanga sufuria, beseni, kopo la rangi,
kila kimoja na mlio wake,
mpaka mwanangu Lusekelo, macho kafumba,
akawa anajua kipi kimejaa.
Cherehani niliivisha mfuko wa mbolea.
Sisi hatukuwa na mfuko.
Nikakupigia simu. Ukasema, "Nakuja Jumamosi."
Sikukuuliza ya mwaka gani.

Juni ikaingia na baridi yake,
ile inayomfanya mtu aoge kwa kujadiliana na nafsi.
Upepo ukapita palipokuwa na dari.
Lusekelo akapata kichomi, tukalala Rufaa siku sita,
na kila asubuhi nikitoka kununua uji
niliiona simu yako haipokelewi.

Basi nilishona sketi za shule arobaini na mbili,
nikauza na gunia la viazi alilonitumia mama kutoka Isyonje,
nikanunua mabati matano, geji thelathini,
misumari kilo moja, mbao mbili,
na fundi Ambilikile, ambaye hapandi paa
kabla ya chai na maandazi manne.
Risiti ninazo.
Ziko ndani ya Biblia, kwenye Ayubu.

Septemba ulipita na pikipiki.
Ukasimama barabarani, shingo juu,
mabati yakikumulika usoni.
Ukasema, "Aa, nyumba imependeza!"
Mimi, mjinga, nikasema asante.
Kumbe ulikuwa unapiga hesabu.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mtaa.
Mtendaji ni binti mdogo, ana kikohozi na rula.
Akaniomba mkataba. Nikamtolea ule ulionipa mwenyewe,
kivuli cha kivuli, herufi zimechoka.
Kipengele cha sita:
*paa, kuta na choo ni juu ya mwenye nyumba.*
Cha tisa:
*kodi haitapanda bila notisi ya siku tisini.*
Akapiga mstari hapa, akapiga pale,
halafu akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza umri,
"Mama, hukuwahi kuusoma?"

Niliusoma, mzee. Niliusoma siku ya kwanza.
Nilichokuwa sijui ni kwamba
na wewe ulitakiwa kuusoma.

Sikatai, nyumba ni yako.
Uliijenga kwa kahawa ya Mbozi, tofali kwa tofali,
umetusimulia, na nakuamini.
Lakini mvua ile hukulala nayo.

Alhamisi, saa nne, ofisini kwa binti yule.
Njoo na miwani.
Mimi nitakuja na risiti,
Atuganile atakuja na beseni, lina alama ya maji
hadi karibu na ukingo.
Fedha ya paa tuikate kwenye kodi, taratibu,
na hiyo sabini tuizungumze kama watu
wanaokutana bombani kila siku.

Ikishindikana, sitagombana.
Ambilikile anajua kung'oa kama anavyojua kupigilia.
Nitahama na mabati yangu matano kichwani,
nikuachie chumba chako cha elfu sabini
na nyota zote za Mbeya,
hizo bure.

Ni mimi mpangaji wako,
Tumwanukye.

Nimesahau:
choo bado kimeziba.