Nyonga ya Kushoto

Idwal alikileta kiti kwapani, Jumanne ya mvua,
Bethesda, mlima umejifunika wingu hadi magotini,
akakilaza juu ya meza yangu ya kushonea
kama mtu aletaye paka kwa daktari.
Kilikuwa cha kaka yake. Pikipiki pia.
"Nikipanda," alisema, "ni yeye anayeendesha.
Mimi nang'ang'ania tu."

Nilichana ngozi. Ndani, sponji
imekuwa rangi ya chai iliyolala,
ukiiminya haiinuki, inabaki na vidole vyako.
Na katikati, bonde:
miaka thelathini ya Emrys,
makalio mapana, kulia sawa na kushoto,
mtu ambaye jiwe halikuwahi kumwangukia.

Lilimwangukia Idwal. Machimboni,
bamba la kuezekea, ukubwa wa mlango.
Walimuunga nyonga kwa chuma, ikapona fupi.
Tangu hapo anakaa duniani kwa kuegemea:
kanisani, baa, hata kwenye stuli yangu ya wageni,
bega moja likiuliza, jingine likijibu.

Nikamuuliza kama nilihifadhi bonde la marehemu.
Nilishaiandaa sauti ya matanga.
Akacheka hadi akakohoa. "Kata.
Linaniumiza tangu Machi."

Nikatandaza nailoni juu ya sponji mpya,
nikanyunyiza chaki, nikamkalisha robo saa,
mikono mbele, ameshika usukani wa hewa,
akinisimulia ugonjwa wa vitunguu vyake.
Alipoinuka, alama mbili:
ya kulia ndogo, nzito, kama sarafu iliyozama;
ya kushoto pana, hafifu,
kama hodi ya mtu anayeomba asifunguliwe.

Kisu ni cha umeme, cha kukatia mkate. Alikiacha mama,
aliyeshonea mito nusu ya makanisa ya bonde hili.
Na sheria yake moja: nyoa, usikate.
Ulichokiondoa utakirudisha kwa gundi,
gundi hukauka ikawa ukingo,
na ukingo huo mwenzio ataukalia mpaka Bangor.

Nilikosea hata hivyo. Pua ya kiti niliinyoa
kupita mstari wa wino, nikizubaa na redio.
Saa nne za kazi ndani ya mfuko wa taka.
Sikumwambia. Bei sikuipandisha.

Mara ya pili nilijifunza kwanza kukaa.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
nami nyonga zangu zote mbili ni nzima;
basi nikasukuma kitabu cha nyimbo chini ya tako la kulia,
nikanywa chai yote hivyo, nimepinda,
mpaka mgongo ukaanza kunifasiria Idwal.

Kisha msasa. Unga wa sponji hauanguki, huzurura:
puani, kikombeni, kwenye nyusi.
Saa sita mchana nilikuwa bibi mwenye mvi.
Kushoto nikaacha juu, vidole viwili,
kulia nikashusha taratibu, nikifumba macho,
kiganja kikitangulia, maana kiganja
hakidanganywi na mwanga wa dirisha.
Juu yake tabaka laini, jembamba,
siagi juu ya mkate mgumu,
kingo zikinyolewa hadi zisijue zilipoishia.

Alikuja Ijumaa. Akapanda. Akanyamaza.
Nilimtazama mabegani, si usoni:
yalikuwa sawa, kama rafu iliyopimwa kwa maji.
"Kigumu," alisema.
Kesho yake akarudi, nikanyoa unene wa kucha.
Akalipa, akaongeza vitunguu vitatu vilivyopona.

Ukikitazama kwa nyuma, kiti kimekwenda upande,
kimelewa kabisa. Pale kituo cha mafuta
vijana humwambia, Mzee, fundi wako kakuibia,
hata mstari mnyoofu hauoni.
Idwal hufunga kofia chini ya kidevu,
hupiga teke mara mbili, ya tatu inawaka,
na huondoka, wima.