Kozi ya Nane

Matofali haya mia nne na kumi
yalichomwa Inyala, mwaka ule viazi vilipoungua kwa baridi,
na hayajawahi kukaa kwenye nyumba ya mtu.
Jumatatu yanapanda, Ijumaa yanashuka.
Nayashika kwa udongo mtupu, si saruji,
ili yakubali kuachana bila ugomvi.
Pembe zake sasa ni butu, kama sabuni ya gesti.

Hapa Uyole Julai haina huruma.
Vijana wanafika mikono ikiwa makwapani:
Sekela, aliyekuwa akiuza karanga stendi,
Gwakisa, mtoro wa kidato cha pili,
na yule Mwashambwa mdogo, ajuaye yote kabla hujafungua mdomo.
Siku ya kwanza hakuna kugusa tofali.
Wananing'iniza timazi, wanatazama kizito kikiyumba.
"Mwalimu, tunangoja nini?"
Ngojeni limalize kusema.

Mkandarasi huja mwisho wa mwezi,
gari lina tope la Chimala, kiwiko kiko dirishani.
"Nipe sita. Wenye mwendo."
Hasemi wenye jicho.
Alimruka Sekela kama mtu arukavyo dimbwi.
Nikamwambia, mshike mkono kwanza.
Akaushika. Akauachia upesi.
Akaandika jina, akakosea herufi,
naye Sekela akamsahihisha
kwa sauti ileile ya stendi.

Wakipanda gari nabaki na ndoo,
na udongo, na matofali yangu.
Mjukuu akiuliza, babu, wewe umejenga wapi?
nakohoa,
namtuma chumvi.

Juzi nilikwenda Mafinga, msiba wa shemeji.
Watu wakila, nikavuka barabara
hadi kwenye darasa lililofika usawa wa kiuno.
Timazi natembea nalo mfukoni
kama wenzangu watembeavyo na ugoro.
Nikalishusha pembeni mwa ukuta.
Nikangoja.
Kozi ya nane: imetoka nje, unene wa ukucha.
Wapitao hawataona. Mkaguzi hataona.
Mimi niliujua mkono, ule unaobania udongo kulia
na kuumwaga kushoto, niliopigia kelele wiki sita.

Magharibi nikampigia Gwakisa.
"Kozi ya nane," nikasema. Hata salamu sikutoa.
Kimya. Upepo wa misonobari ukapita kwenye simu.
"Sekela kaiona saa kumi, mwalimu.
Kanisema mbele ya vibarua.
Tunashusha sasa hivi, kwa tochi, saruji haijakaza,
bosi kaenda kuoga."

Nilitaka kusema neno, nikakosa.
Nikaiacha simu sikioni
nisikie tofali likimtoka mwenzake
kwa ugomvi kidogo,
halafu jingine,
na Sekela akihesabu.