Saa Tisa Usiku, Bekari ya Kibos

Rimoti ilikufa Jumatatu,
betri zake tukazihamishia kwenye mizani ya unga,
na televisheni ikabaki palepale ilipokwama:
Amerika, besiboli,
wanaume wazima ndani ya suruali za kubana
wanatema maganda ya mbegu.

"Mechi ya nyota watupu," akatangaza Mogaka,
ambaye shemeji yake anaishi Minnesota
na kwa hiyo hakuna asilolijua.
"Kila timu imetoa mtu wake bora."
Nyagilo hakuacha kukanda.
"Na waliobaki nyumbani wameambiwa nini?"

Yule aliyesimama juu ya kichuguu akatikisa kichwa.
Akatikisa tena.
Mwenzake aliyechuchumaa anamwonyesha vidole chini kwa chini,
kimoja, viwili,
kama dalali wa ng'ombe pale Lubao.
"Bei imekataliwa," nikasema.
"Ongeza mia mbili!" Mukabwa akamsaidia.

Na zile glavu, jamani, ni zetu!
Zilezile za kutolea trei, ila zao
hazijatoboka kwenye kidole gumba.

Mpigaji wa kwanza akakata hewa mara tatu,
akaenda kuketi. Hakuna aliyemfokea.
Wa pili hakupiga kitu kabisa.
Alisimama tu akitazama mipira ikipita,
mmoja, mwingine, hadi wa nne,
halafu akaweka rungu chini kwa adabu
akapewa njia.
"Huyo ndiye wangu," akasema Nyagilo.
"Miaka kumi na moja nimesimama hapa hivyohivyo,
sijapewa hata njia ya chooni."

Kisha yule wa kupewa njia akaanza kunyemelea.
Mrushaji akimgeukia, anajifanya anatazama mawingu.
Akigeuza shingo, hatua mbili.
Mara akachomoka, akajitupa kifudifudi, vumbi!
"Ameiba!" Mogaka akaruka. "Ameiba kituo!"
Uwanja mzima unampigia makofi.
Ogwang', aliyeibiwa baiskeli Jumapili
nje ya kanisa,
akasema anataka kuona marudio.

Mpira mmoja ukaangukia mashabiki.
Mzee mwenye soda akaudaka kwa kofia,
akautia mfukoni. Basi, ukawa wake.
Tulisubiri polisi.
Ukatolewa mwingine, mweupe, mpya.
"Kumbe kuna nchi yenye mipira," Mukabwa akanong'ona,
yeye aliyemaliza shule
akicheza ya makaratasi na kamba ya mkonge.

Matokeo usiniulize.
Mogaka alisema tunaongoza.
Sisi akina nani?
"Wale wa kijivu."
Basi tukawa wa kijivu, kwa moyo wote.

Na hapo jitu letu moja,
shingo kama gunia la kilo tisini,
likazungusha rungu.
Mlio ule! Mpira ukapanda, ukapanda,
nasi tukainuka nao, vidole vya unga hewani,
"Nenda, mtoto wa watu! Nenda, usirudi!"
Jitu likazunguka polepole, kituo hadi kituo,
likafika palepale lilipoanzia,
na wenzake wakalikumbatia kama limetoka Saudia.

"Yaani unakimbia kote huko
ili urudi ulikokuwa?"
Nyagilo alicheka mpaka akaegemea meza.
"Hiyo si mechi. Hiyo ni zamu ya usiku!"

Ndipo tukanusa.

Mikate mia mbili na arubaini, na trei moja ya skonzi.
Mweusi ti, kila mmoja.

Mwenye bekari alifika saa kumi na mbili.
Akatazama trei, akatazama televisheni,
akauliza nani alishinda.
Tukakosa la kusema.
Akatukata siku mbili mbili.

Nyuma ya ukuta, jua likichungulia juu ya milima ya Nandi,
Mukabwa akarusha skonzi iliyoungua.
Mogaka, na koleo la mkate begani, akaikosa.
Akaikosa ya pili.
Ya tatu ikalia ko!
ikavuka mabati kuelekea reli,
na mbwa wa mlinzi akaidaka hewani,
akakimbia nayo,
shabiki kamili:
hakuirudisha.