Pumzi ya Kenta

Usiniambie turbo imekufa, Ausi.
Niambie ulikuwa gia ya ngapi,
umebeba magunia mangapi,
na kona ipi ya mlima wa Newala
ilikuangusha.

"Kona ya tatu. Gia ya tatu. Gunia arobaini na nane.
Ilikuwa inapanda vizuri, fundi, inapanda kwa hasira,
mara ikanywea, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.
Nikazima. Nikawasha. Ikarudi kuwa gari."

Moshi?

"Hamna moshi."

Hapo nikaweka spana chini.
Gari linalokosa upepo hutapika moshi mweusi:
dizeli imeingia, hewa haipo,
jiko la mkaa lililofunikwa sufuria.
Hili halikohoi. Hili linapata upepo kupita kiasi
mpaka kompyuta inaogopa
na kulikaba koo.

Lakini Ausi hasikii. Ausi kaja na turbo mpya
ndani ya boksi, boksi ndani ya kitenge cha mkewe,
imetoka Dar kwa basi la usiku,
kwa pesa za korosho ambazo bado hajalipwa.
Kaipakata kama mtoto aliyetoka kliniki.
"Wewe funga hii tu."
Wagonjwa wa siku hizi huja na dawa zao mkononi.

Mimi upepo sikuusomea chuo.
Niliusomea migongoni mwa watu, Juni hadi Agosti,
nikitengeneza mashine za kupulizia salfa mikoroshoni,
macho yanawasha, mate ya njano.
Huko nikajua bomba lina habari mbili,
linavyovuta na linavyoachia,
na watu huuliza ile ya kwanza tu.

Somoe akaleta maji ya sabuni, nusu kikombe.
Huku juu kwetu maji hununuliwa kwa ndoo,
hata povu lina bei.
Tukapaka kila klipu, kila shingo ya paipu,
Ausi akakanyaga mafuta, sisi tukainama.
Povu halikuvimba popote.
Tukazima. Nikaitikisa shafti kwa vidole viwili:
haichezi, haigusi ukuta.
Nikalitazama lile boksi. Sikusema kitu.

Ikabaki ile fimbo nyembamba ubavuni mwa turbo.
Nikachomoa mpira wake, nikanyonya kwa mdomo
(pampu ya kupimia iliazimwa Masasi, haijarudi).
Fimbo ikavutika. Nikaachia. Ikarudi.
Nzima.
Nikachomeka mpira, tukawasha, fimbo ikavutika,
Somoe akang'oa soketi ya valvu,
na hapo fimbo ilipaswa kurudi.
Haikurudi.
Ilibaki juu, kama mkono wa mwanafunzi
ambaye mwalimu wake ameshatoka darasani.

"Inavuta, haijui kutoa," Somoe akasema,
akapenyeza kidole, chembamba kuliko changu,
nyuma ya valvu, kwenye tundu la kupumulia,
akatoka na udongo.

Udongo mwekundu, mkavu, uliofinyangwa kwa adabu.
Nyumba ya nyigu.
Ndani yake buibui watatu waliolazwa usingizi
na mtoto mmoja mweupe
asiyejua gari ni nini.

Kenta ilisimama lini, Ausi?

Akahesabu. Mnada wa kwanza wakulima wakaikataa bei.
Wa pili, wakaikataa tena. Ghala kuu likajaa,
na yeye kule bondeni, mbele ya ghala la chama,
siku thelathini na moja, funguo mfukoni.
Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri.
Nyigu peke yake alikuwa kazini.

"Na hii?" Kalikumbatia boksi.
Irudishe.
"Hawapokei."

Nilimtoza elfu kumi na tano. Sabuni sikuihesabu.

Keshokutwa kenta ikapita mbele ya gereji,
imepanda kona zote, magunia yale yale,
filimbi ya turbo ikipanda na kushuka,
kushuka, nasema, nilisimama kuisikiliza.
Utingo alikuwa juu ya magunia, kajifunga shati kichwani.
Kiti chake cha mbele kilikuwa na mtu:
boksi, ndani ya kitenge,
limefungwa mkanda.