Moyo Umekosa Nini

Sweta nilimuuza Jumatano, mnadani,
kabla ukungu wa Isongole haujainuka barabarani.
Deni la mbolea lilikuwa limenifika shingoni
na mwenye duka hapokei machozi wala ahadi.

Sweta ni kondoo. Jina alimpa Gwakisa
siku ile alipozaliwa anatetemeka kwenye umande:
mtoto akavua sweta lake la shule, akamvisha,
akakaripiwa na mama yake, akacheka.

Aliporudi saa nane akakuta kamba.
Kamba tu, na kigingi, na nyasi zilizotafunwa nusu.
Nikamwambia neno nililorithi pamoja na jembe:
"Piga moyo konde, wewe mwanamume."
Akasema, "Sawa, baba," kama anavyomjibu mwalimu,
akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Hakulia. Nikajisifu.
Nikamwambia hata Tusekile: umemwona mwanao?
Tusekile akaendelea kumenya viazi,
ganda moja refu, bila kukatika,
hakunijibu.

Usiku nikatoka na tochi kutafuta gunia.
Ghalani, nyuma ya viazi vya mbegu,
kitu kilikuwa kinapumua.
Nikadhani panya, nikadhani mwizi.
Kumbe mwanangu, uso kaufukia kwenye gunia tupu,
analia kwa ndani, kama mtu anayekohoa chini ya blanketi
asije akaamsha wageni.

Namjua huyo mtoto.
Nilikuwa yeye mwaka tuliomzika mama,
mvua ya Machi, udongo unanata kwenye viatu vya kuazima,
na mkono wa baba nyuma ya shingo yangu, unabana,
kila donge likipanda, unabana.
Watu wakasema: mtoto jasiri huyu.
Miaka thelathini na moja, vidole vile bado ninavyo
mahali ambapo kinyozi haoni.

Nikazima tochi.
Sikusema nyamaza. Wala sikusema lia,
sikujua hilo mtu hulisemaje.
Nikaketi juu ya debe, debe likalalamika.
Baridi ya Juni ilikuwa inapita chini ya mlango.

Tukakaa. Viazi vikanuka udongo.
Kisha sauti, gizani:
"Baba, moyo umekosa nini
mpaka upigwe konde?"

Nina miaka arobaini.
Nimejenga nyumba mbili, nimezika wazazi wote,
na maneno yale niliyokuwa nayasema
sikuwahi kuyasikia.

"Haujakosa," nikasema.

"Basi nimekasirika. Nimekukasirikia wewe.
Ulingoja niende shule."

Hapo mkono wangu ulishtuka, siwezi kuficha.
Machozi yake ningeyabeba. Lakini hasira, na juu yangu,
ndani ya ghala langu, mbele ya viazi vyangu!
Mkono uliinuka kidogo, wenyewe, kama wa baba.
Nikaukalia.

"Endelea."

Akaendelea mpaka jogoo wa kwa Mwansasu akawika.
Ya Sweta. Ya mwalimu wa hesabu.
Ya kwamba bomba la kule bondeni jioni linamtisha.
Ya kwamba nikirudi nyumbani, kabla sijafungua mlango,
huwa anahesabu hatua zangu
ajue leo nimekuja vipi.

Hilo la hatua
sijamaliza kulitafuna hadi leo.

Sweta hakurudi. Mbolea iko shambani,
viazi vimechanua, wala sijui kama ilistahili.
Asubuhi ile Gwakisa alikunywa chai macho yamevimba,
dada yake akamkodolea: "Wewe, umelia?"

"Ndiyo," akasema,
akaomba sukari.