Gramu Mia Sita

Nilipoileta nyumbani, mama aliipima kwa kiganja
kama apimavyo papa mkavu soko la Ngamiani.
Akasema: Nyepesi. Pesa zote zile, kumbe plastiki?
Akairudisha mezani, akaenda kunawa mikono.

Kweli ni plastiki, ila chuma kimelala juu yake,
kama mkwe mpole mwenye mama mkali.
Gramu mia sita, tumbo tupu.
Ikishiba risasi kumi, ni kilo ya sukari
ya duka la mtu mwenye kupunja.

Mwaka wa pili sasa naibeba,
tangu usiku ule wa pampu namba mbili
ambao sitausimulia.
Nitasema ya chombo tu.

Jasho la Tanga halina adabu. Mwezi wa tatu,
mvua haijaanguka, hata kitasa hutoa machozi.
Mpini haukudhurika. Chuma cha juu kikaota
vidoti vya kutu, vyekundu kama mate ya tambuu.
Tangu hapo kila Alhamisi usiku nakipangusa mafuta
kwa kipande cha kanga kilichobakiwa na neno moja:
WANAJISUMBUA.

Ubaya wake ni mpini mfupi. Kidole cha mwisho
hakina pa kukaa, kinaning'inia
kama mgeni aliyefika sahani zimeisha.
Kifyatulio nacho kizito. Afande Singano, aliyenifunza,
alisema uzito huo ni fadhila:
"Utapata muda wa kughairi, mama."
Nilipiga hamsini siku ile. Gumba likachubuka,
na ushungi ukanuka baruti mpaka mjukuu akauliza
nani kaunguza maandazi.

Fundi Kilua, wa Barabara ya Kumi,
nilimwagiza mfuko, ndani ya baibui, upande wa kulia.
Wa nini?
Wa simu.
Akapima. Akatoa pini mdomoni.
"Simu hii, basi, tuishone uzi mara mbili."
Hakuuliza tena. Wala hajanitania tena,
na Kilua huwatania hata wafiwa.

Kuhusu kukaa: kwenye gari sawa, mkekani taabu.
Arusi ya binti Mhina, kule Makorora,
nilikaa ubavu kama mwenye jipu.
Shoga yangu Tatu alinikumbatia, akaganda.
Una nini hapo?
Simu.
Siku hizi tunapeana mikono.

Wakati wa sala naifungia kabatini,
ufunguo nauweka mbele, ukingoni mwa mswala.
Nikisujudu, kitu cha kwanza kuniangalia ni shaba yake.
Nakiri: rakaa za mwisho nasikiliza geti.

Na liko jambo ambalo muuzaji hakunitajia.
Zamani mtu akiingia kituoni kwangu Majani Mapana,
hata anasukuma baiskeli, na kichupa cha mafuta ya taa,
nilianza na uso:
huyu wa Pongwe, huyu macho ya babu yake,
huyu ananidai salamu.
Sasa naanza na mikono.
Iko wapi. Imeshika nini.
Mfukoni humo inatafuta nini muda wote huo.
Juzi mtoto wa Semboja aliniamkia mara tatu
nami nikimhesabu vidole.
Vilikuwa na grisi. Alikuja kurudisha spana.

Mwezi uliopita nilikwenda kuhuisha leseni.
Karani kijana, kalamu inamvujia,
aliuliza bila kuinua kichwa:
Umewahi kuitumia?
Nikasema hapana.
Akachora kistari.
Nilikuwa na jibu jingine,
ila nafasi kwenye fomu ilikuwa ya neno moja.