Kiti Chenye Mikono

Anyelwisye amekalia kiti chenye mikono.
Tusekile yuko ukingoni mwa benchi, kama aliyekuja msibani.
Nauliza: bonasi ya chai huingia simu ya nani?
"Yetu," mume anajibu.
Namuuliza mama.
"Anasema yetu."

Mvua ya Rungwe inapiga bati. Tunaingoja.

"Nilitoa ng'ombe saba."
Tusekile anafungua kanga, anaifunga upya.
"Walishakufa wote, baba Lusajo.
Mimi bado nachuma."

Kalamu yangu inasimama.
Mimi niliyesomea haya,
kwangu nani hukalia kiti chenye mikono?

Saa imekwisha. Anyelwisye anapapasa mifuko,
anatazama dirisha.
Anayelipa ni Tusekile: hela ya ndizi,
noti zilizokunjwa ndogondogo,
bado zina joto la pindo la kanga.